MIKONO ILIYOZOEA BAISKELI

Namna ya kumsaidia kijana anayeanza kuendesha pikipiki

Katika vijiji vyetu vya Bariadi pikipiki haiingii nyumbani kimya kimya. Huja baada ya pamba kuuzwa, au baada ya ng'ombe wawili watatu kutoka zizini, na ukoo mzima hujua. Watoto huizunguka, bibi hugusa kiti chake, majirani huuliza bei. Kwa hiyo siku kijana anapoanguka nayo, si goti lake peke yake linaloumia. Nyumba nzima imeanguka pamoja naye.

Jambo hilo lilitufika sisi. Mtoto wa kaka yangu alinunuliwa pikipiki apakie abiria, apate kusaidia ada za wadogo zake. Alijifunza siku mbili tu kwa rafiki yake. Siku ya tatu akashika njia ya Dutwa. Mbele yake ng'ombe wakakatiza barabara. Akabana mikono yote miwili kwa nguvu, gurudumu la mbele likateleza juu ya changarawe, naye akajikuta chini, pikipiki imemlalia mguu. Mungu alimhurumia, akachubuka goti na kiwiko, basi. Lakini tangu siku ile pikipiki iliegemezwa ukutani chini ya upenu, ikafunikwa turubai, na kuku wakaanza kulala juu yake. Kijana akitumwa mjini alikwenda kwa baiskeli, au alisema kichwa kinamwuma.

Kaka alikasirika. "Mwanaume mzima anaogopa chuma!" Vijana wa kijiweni wakamcheka. Mmoja akamshauri anywe gongo kidogo, ati hofu itamtoka. Ndipo nikaitwa mimi, kwa kuwa nimeendesha pikipiki miaka mingi. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyojifunza pamoja, yeye na mimi. Pengine nyumbani kwako nako iko pikipiki inayolaliwa na kuku.

HOFU YAKE ILISEMA KWELI

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hofu ya kijana huyu haikuwa ya ung'ongo tu. Ilikuwa ikimwambia neno la kweli: bado hujui kuisimamisha pikipiki hii. Hofu ya namna hiyo haifukuzwi kwa matusi, wala kwa pombe. Pombe haiondoi hatari iliyopo barabarani, huondoa macho ya kuiona.

Nilimwuliza, "Ulipowaona ng'ombe, mikono yako ilifanya nini?"

Akafikiri kidogo, akainyosha mikono mbele yake, akaikunja yote miwili kwa mara moja.

"Hivi, baba mdogo."

Hapo nikaelewa. Kijana huyu ameendesha baiskeli tangu utoto, kama watoto wote wa Usukumani. Baiskeli ina breki mbili, na zote mbili ziko mikononi. Ukitaka kusimama, bana mikono miwili, umesimama. Pikipiki si hivyo. Mkono wa kulia una breki ya mbele, mguu wa kulia una breki ya nyuma, na mkono wa kushoto hauna breki yo yote; huko ni klachi. Basi anayebana mikono miwili kwa ghafula amefanya makosa matatu kwa mara moja. Kwa mkono wa kushoto ameitenga injini na gurudumu, isimsaidie kupunguza mwendo. Kwa mkono wa kulia amelifunga gurudumu la mbele. Na mguu, wenye breki ya nyuma, umebaki bila kazi.

Hakuwa mwoga, wala hakuwa mjinga. Mikono yake ilitii sheria ya baiskeli. Nilipomweleza hivyo niliona uso wake ukibadilika. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, kosa lake lilikuwa na jina, na lenye jina laweza kurekebishwa.

KIWANJANI KWANZA

Tuliomba ruhusa ya kutumia uwanja wa mpira asubuhi, kabla ya watoto kufika. Siku ya kwanza hatukuwasha injini hata kidogo. Aliisukuma pikipiki kwa miguu, akaisimamisha kwa breki, akaisukuma tena, mpaka akaujua uzito wake. Kisha akaketi juu yake akafumba macho, nami nikaita: "Klachi! Breki ya nyuma! Breki ya mbele! Honi!" Mara ya kwanza mikono ilipapasa. Siku ya tatu ilikwenda yenyewe.

Ndipo tukawasha. Kazi ikawa moja tu: kuiachia klachi polepole mpaka injini ianze kuvuta, kwenda hatua ishirini, na kusimama. Hatua ishirini, na kusimama. Wengi hufundishwa kuondoka, hawafundishwi kusimama. Lakini anayejiamini barabarani ni yule ajuaye hakika kwamba akitaka kusimama atasimama.

Nilimwambia asiinyakue breki ya mbele. "Umekamua ng'ombe tangu utoto. Je, unavuta chuchu kwa ghafula?" Akacheka. Breki nayo hukamuliwa: anza taratibu, kaza kidogo kidogo, mguu ukisaidia upande wa nyuma. Kwenye ardhi ngumu na kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu chombo kikipunguza mwendo uzito huhamia mbele. Kwenye changarawe, mchanga au matope, uipunguzie kazi ile ya mbele, tumia zaidi ya nyuma, na mwendo uwe umeupunguza mapema. Wala usifunge breki kwa nguvu pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Punguza kabla ya kona, ndipo ukate.

Tulifanya nusu saa kila asubuhi, tukaacha kabla hajachoka. Nilijiwekea amri tatu. Ya kwanza, kosa moja kwa siku. Mtu hawezi kurekebisha makosa kumi pamoja. Ya pili, kutosema naye akiwa katika mwendo. Nilingoja asimame, azime, ndipo nikasema. Ya tatu, kumaliza kila siku kwa jambo aliloliweza, ili aende nalo nyumbani.

NJIA, NG'OMBE NA MATOPE

Kijana wetu alitoka barabarani mara ile hana leseni, na hilo lilikuwa kosa letu sisi wazee. Sheria ya Usalama Barabarani, iliyotungwa mwaka 1973, hairuhusu jambo hilo. Safari hii alipata kwanza leseni ya kujifunzia, akasoma alama za barabara, akavaa kofia ngumu. Kofia hiyo si pambo. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya chunguzi 61 za waendesha pikipiki, wakaona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha 69 katika kila 100, na hatari ya kufa kwa kiasi cha 42 katika kila 100. Lakini sharti ifungwe kidevuni. Ile inayoning'inizwa kwenye usukani hulinda usukani.

Tulianza na njia za kijijini, mimi nikimfuata nyuma kwa pikipiki yangu. Somo la kwanza lilikuwa la macho. Pikipiki hufuata macho. Ukilikodolea shimo, utaingia shimoni. Tazama njia unayotaka kupita, na mikono itakupeleka huko.

Somo la pili lilikuwa lile lile la ng'ombe. Tulikwenda tukawatafuta kwa makusudi, jioni wanaporudi kutoka majini. Nilimwambia apunguze mwendo akiwa bado mbali, ashushe gia, asipige honi ya kuwashtua. Ng'ombe akishaingia barabarani kwa kawaida huendelea mbele. Basi usijaribu kumpita usoni, ngoja apite, nawe upite nyuma ya mkia wake. Tena usiondoke upesi, maana nyuma ya kundi huwa yuko ndama aliyechelewa, na nyuma ya ndama yuko mtoto anayechunga. Alisimama siku ile mbele ya kundi zima, mguu mmoja chini, injini ikinguruma polepole. Kundi likapita. Mchungaji akapunga fimbo kutusalimu. Kijana akanigeukia, hakusema neno, lakini nilijua kwamba siku ile ya Dutwa imelipwa.

Mvua zilipoanza tulijifunza mbuga. Udongo wetu mweusi, unaotupa pamba, ni adui wa magurudumu. Ukilowa hushikamana na tairi, hujaa chini ya bango, hata gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo nguvu za injini si dawa. Simama, zima, toa kijiti, kwangua matope, kisha sukuma. Si aibu kusukuma. Nimeona wengi waliokataa kusukuma wakalala matopeni pamoja na abiria wao.

Lami tuliiacha mwisho. Barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, inakoungana na ile barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ni nzuri, na uzuri wake ndio mtego. Mwendo wa kilometa 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Wa kilometa 60 ni karibu mita 17. Kabla macho hayajaona na mkono haujabana, sekunde nzima yaweza kupita. Tena ukiuzidisha mwendo mara mbili, masafa ya kusimamia baada ya kubana breki huongezeka si mara mbili, bali mara nne. Kaa upande wako wa kushoto, washa taa hata mchana, na basi au lori likikupita ushike usukani imara bila kukakamaa, maana upepo wake husukuma.

MTIHANI WA MWISHO

Abiria hakupakiwa mpaka mwendo wa peke yake ulipozoeleka. Kwanza tulifunga mzigo mdogo, kisha mkubwa zaidi, kisha nikapanda mimi. Mtu mmoja nyuma hubadili mambo mengi: kuondoka ni kuzito, kona ni pana, kusimama kunataka nafasi zaidi. Afadhali kijana ayajue hayo akiwa amempakia baba yake mdogo, kuliko akiwa amempakia mama wa watu anayewahi kliniki.

Naye alipopata leseni yake kamili akaanza kazi. Juma la kwanza alisimamishwa na watu wawili pamoja na gunia. Walitaka wapande wote, mshikaki kama tusemavyo, na fedha walikuwa nazo mkononi. Akawaambia, "Samahani, wazee wangu. Nitampeleka mmoja, kisha nitarudi kumchukua wa pili." Wakamwita mwoga, wakaenda kwa mwingine. Jioni alinieleza habari hiyo akiwa na wasiwasi kwamba amekosa fedha.

Nikamwambia, "Leo ndipo umehitimu."

Maana huko ndiko kujiamini. Wengi hudhani kujiamini ni kukimbia na kupita magari kwa kelele. La. Kijana akimbiaye mara nyingi anaogopa: anaogopa kuchekwa, anaogopa kuachwa na wenzake, anaogopa deni la mkataba wa pikipiki. Ajiaminiye huweza kusema "hapana" kwa abiria mwenye haraka, kwa rafiki mwenye chupa, na hata kwa mvua ya usiku.

NENO KWA WAZAZI

Basi, ninyi wazazi, kabla ya kuitoa fedha ya pamba, fikirini kwamba bei ya pikipiki si ile aliyoitaja mwenye duka. Ongezeni karo ya mafunzo, leseni, bima, na kofia ngumu mbili, ya kijana na ya abiria wake. Kama fedha haitoshi kwa hayo yote, bado haijatosha kununua pikipiki. Tena mpeni kijana majuma kadhaa ambayo pikipiki haitadaiwa senti. Anayedaiwa hesabu ya jioni tangu siku ya kwanza hujifunza haraka peke yake.

Na akianguka, msimcheke wala msimtukane. Mwulizeni kwa upole: mikono yako ilifanya nini? Jibu lake litawaonyesha mahali pa kuanzia.

Kaka yangu hakuomba radhi kwa maneno yake, kwa maana wazee wetu hawana desturi hiyo. Lakini Jumapili moja, baada ya Misa, nilimwona akifunga mkanda wa kofia ngumu kidevuni na kupanda nyuma ya mwanawe, mkono mmoja begani kwake. Waliondoka polepole, wakasimama kwenye njia panda, wakatazama kulia na kushoto, wakapita.

Kuku wao wametafuta mahali pengine pa kulala.