Jumelles moja kwa watu watano

Sisi watano tunaopenda kuangalia ndege hapa Bukavu tulichanga makuta miezi saba ili tupate darubini moja, ile ambayo wengi kwetu wanaiita jumelles. Ile ya kwanza, ya sokoni, isiyo na jina la kueleweka, iliingia maji siku moja ya mvua upande wa Tshivanga, na mpaka leo ukichungulia unaona ukungu tu. Safari hii hatukutaka kukosea. Dola 250 haziokotwi barabarani, na huku kwetu ukishalipa, umelipa.

Marafiki walituazima mbili za bei ya katikati: Nikon Monarch M5 na Vortex Diamondback HD, zote 8x42. Hiyo 8 ni mara ngapi ndege anavutwa karibu. 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wenzetu wawili walidai tutafute 10x42, eti 10 inapita 8. Inapita kweli, lakini hata mutetemeko wa mkono inaukuza mara 10. Tena, gawanya 42 kwa 8: mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 5 na kitu. Kwa 10 unabaki na 4 na kitu. Chini ya miti ya Kahuzi, asubuhi na mapema, tofauti hiyo si ya karatasi. Wakanyamaza.

Mkononi zote mbili ziko sawasawa: gramu 600 na kitu, mwili wa mpira usioteleza, ndani gesi kavu ili ukungu usiingie. Gurudumu la katikati tulilizungusha kwa vidole vilivyolowa, likatii. Vortex inaona hata kitu kilicho mita 1 na nusu, Nikon inataka mita 2 na nusu. Hiyo ni kwa mwenye kupenda vipepeo. Jambo kubwa ni dirisha. Kwa umbali wa mita 1.000, Vortex inakuonyesha upana wa mita 130 hivi, Nikon 112. Turako wa Rwenzori akiruka tawi hadi tawi, mwekundu wa mabawa unaonekana mara moja tu, na mwenye dirisha pana njo anamukuta. Wanne kati yetu tukasema basi, Vortex.

Papa wetu wa tano, mwenye miwani mizito, akaijaribu, akaishusha.

– Batoto, miye sioni mviringo yote. Inakatika ku pembeni.

Hapo tukasoma namba ambayo tulikuwa tumeiruka: umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya kioo na bado likaona picha nzima. Vortex milimita 17, Nikon 19 na nusu. Milimita mbili na nusu! Lakini yeye ndiye anayemjua ndege kwa sauti kabla sisi hatujainua kichwa. Tungemununulia kitu cha kushika tu? Tukachukua Nikon, na hatujuti, ingawa turako mmoja au wawili wametukimbia.

Anayenunua ya kutumia wengi aangalie pia ile pete ya kusawazisha jicho la kuume. Kila mutu anaizungusha kwa jicho lake, anayefuata anaona vibaya, anasema kioo kimeharibika. Sisi tulitia nukta tano za rangi ya kucha, kila mtu na rangi yake.

Na usichukue yenye madoa ya kijeshi, hata ikiwa bei rahisi. Yetu nyeusi tu, na bado kwenye barrière moja tuliulizwa:

– Munapelelezaka nini na ile kitu?

– Bandege tu, chef. Angalia pia weye.

Akaangalia mwewe juu ya paa dakika kumi nzima. Aliporudisha, pete ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho.