Motere ya Turbo na Sikio Lake la Umeme



Katika ukurasa huu sisi wa darasa la mwisho tunapenda kueleza jambo ambalo vijana wanabishana juu yake: motokari za esanse zenye turbo, na kile chombo cha umeme kinachosikiliza kama motere inagonga. Wengine wanasema: «Ongeza tu pumzi ya turbo, kompyuta itachunga motere.» Je, ni kweli? Tunajibu: ni kweli nusu. Ile nusu ingine njo inavunja pistoni.

1. KUGONGA NI NINI?

Katika motere ya esanse, buji inatoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa. Moto unaanza pale kwenye buji na kutembea mpaka kwenye kuta za silinda, sawa moto wa majani unavyotembea shambani. Presha inapanda kwa utaratibu na kusukuma pistoni chini. Hiyo ni kazi nzuri.

Lakini mbele ya ule moto kuna esanse na hewa ambazo hazijaungua bado. Zinakandamizwa na kupata joto kali. Joto likipita kiasi, zinawaka zenyewe kwa mara moja, bila kungojea moto uzifikie. Hapo presha inapiga kuta za silinda sawa nyundo. Mtu wa inje anasikia sauti kama ya mawe madogo ndani ya kopo. Msichanganye na kugonga kwa biele iliyochoka: ile ni sauti nzito ya chuma kilicholegea, nao ni ugonjwa mwingine.

Ubaya wenyewe si kelele. Karibu na chuma kuna tabaka nyembamba ya hewa isiyo na joto sana, na hiyo njo inakinga pistoni. Mapigo yale yanaifukuza, joto linaingia ndani ya chuma, basi pistoni inatoboka, ao sehemu inayoshika segma inakatika.

Kwa mazuti habari ni ingine. Motere ya mazuti haina cheche. Mazuti inawaka yenyewe kwa joto la hewa iliyokandamizwa, na sauti yake ya kugonga kidogo ni ya kawaida. Kwa hiyo kamio za mazuti tunazoziona hapa Kabimba haziko katika somo hili.

2. TURBO INALETA NINI?

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa motere. Inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa nyingi pamoja na esanse nyingi ni nguvu nyingi. Katika Safari Rally ya Kenya watu waliona jambo hilo kwa macho. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda na Opel Ascona 400 isiyo na turbo. Lakini mwaka 1984, 1985 na 1986 ilishinda Toyota Celica yenye turbo, mara tatu mfululizo. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda na Subaru Impreza, nayo ni ya turbo.

Nguvu hiyo iko na bei yake. Hewa ikikandamizwa inapata joto. Turbo ikiongeza presha ya bari 0,8 siku ya jua, hewa inayotoka ndani yake inaweza kupita digrii 100, kabla radiatere ya hewa haijaipoza. Joto na presha njo baba na mama wa kugonga.

Kinachosaidia ni esanse yenye uvumilivu. Kipimo cha uvumilivu huo kinaitwa oktani: namba ikiwa kubwa, esanse inavumilia zaidi bila kuwaka yenyewe. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake kule Marekani walivumbua kwamba dawa yenye risasi inazuia kugonga. Lakini risasi ni sumu kwa watu, zaidi kwa ubongo wa watoto. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa motokari, mwaka 2021. Sasa motere inategemea ubora wa esanse yenyewe, na ile akili ya umeme.

3. SIKIO LINAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Mafundi wanaliita kaptere. Ni chombo kidogo kinachofungwa kwa bulo juu ya mwili wa motere. Ndani yake kuna kijiwe ambacho kikitikiswa kinatoa umeme kidogo. Katika silinda za motokari nyingi, kugonga kunatikisa chuma mara 6.000 ao 7.000 hivi kwa sekunde moja. Kompyuta inatafuta mtikiso huo, tena paka kwa muda mfupi baada ya cheche, ili isidanganywe na kelele zingine.

Ikisikia kugonga, inachelewesha cheche digrii chache. Kisha inarudisha kidogo kidogo, huku inasikiliza tena. Buick ya Marekani ilitumia sikio la namna hii katika motere zake za turbo za mwaka 1978. Saab ya Sweden, katika Saab 900 Turbo za mwaka 1982, ilifanya njia ingine: sikio likisikia kugonga, kompyuta ilipunguza pumzi ya turbo yenyewe.

4. FUNDI ANAPOPANGA MOTERE

Hapa njo penye kosa la wengi. Wanafungua pumzi ya turbo mpaka sikio linalia, halafu wanasema kazi imekwisha. Fikirini: motere ikizunguka mara 3.000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde. Sikio linasikia pigo lililokwisha kupiga. Ni zamu wa usiku, si ukuta wa nyumba.

Utaratibu mzuri ni huu:

a) Hakikisha kaptere imefungwa sawasawa, kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda. Ikilegea haisikii vizuri. Chuma kingine kikilegea karibu yake, itasikia uongo.

b) Anza na pumzi ndogo na cheche iliyochelewa.

c) Angalia kwanza mchanganyiko. Esanse ikiwa kidogo kuliko hewa inayosukumwa na turbo, joto linazidi, na kuchelewesha cheche peke yake hakuponyi ugonjwa huo.

d) Ongeza avansi digrii moja moja. Ukisikia kugonga, rudi digrii 2 ao zaidi na ukae hapo. Usikae ukingoni.

e) Pima na ile esanse utakayotumia kila siku, motere ikiwa na joto, motokari ikipanda kilima na mzigo.

Tena, kama kitu ndani ya silinda kimekuwa chekundu kwa joto, kwa mfano buji isiyofaa, esanse inawaka hata kabla ya cheche. Hapo kuchelewesha cheche hakusaidii kitu.

5. NA SISI WA KABIMBA?

Motokari nyingi za turbo zinazopita Dar es Salaam zilitengenezwa kwa watu wa Japani. Kule esanse ya kawaida inaanzia oktani 89 na ile ya juu oktani 96, na Subaru nyingi za turbo zilipangwa kwa ile ya juu. Lakini esanse inayouzwa kwa bidoni ao chupa kando ya njia, na wale ambao katika miji mingi ya Kongo wanaitwa «Kadhafi», haina namba iliyoandikwa juu yake. Ikichanganywa na petroli ya taa, oktani inashuka sana. Ukipanga motere na esanse nzuri ya mji mkubwa, kisha ukainywesha ya chupa, sikio litalia kila siku, mpaka siku moja digrii za kupunguza zimekwisha.

Na pistoni ikivunjika huku, haipatikani dukani. Itangojewa kutoka Lubumbashi ao ng'ambo ya ziwa, na motokari iliyokuwa inalisha jamaa italala juu ya mawe. Afadhali nguvu kidogo inayofika.

Wandugu, wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la umeme linasema kweli. Likilia, mwenye kutubu ni fundi: apunguze pumzi, atafute esanse njema, ndipo aendelee na safari.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la darasa la mwisho