Forodha ya China na Mikataba ya Waingereza

Mwenye duka ajua kwamba bei ya kitambaa si ujira wa mfumaji na nauli ya meli peke yake. Humo umo pia ushuru uliolipwa forodhani. Kwa desturi kiasi cha ushuru huo huamuliwa na serikali ya nchi ipokeayo mali. Huko China haikuwa hivyo kwa muda wa miaka zaidi ya 80.

Asili yake ni vita vya kasumba. Waingereza walipokwisha kushinda, mkataba ulitiwa sahihi tarehe 29 Agosti, 1842, ndani ya manowari Cornwallis karibu na mji wa Nanking. China ilifungua bandari tano, ikatoa kisiwa cha Hong Kong, tena ikakubali kutoza ushuru wa kadiri iliyopatanwa. Mwaka uliofuata orodha iliandikwa, na kwa jumla ushuru ulikuwa kama 5 kwa kila 100 ya thamani.

Yafaa msomaji aangalie jambo moja hapa. Ushuru wa vitu vingi haukuhesabiwa kwa bei ya siku, bali kwa uzito au kwa jora, na orodha iliyotengenezwa upya mwaka 1858 haikurekebishwa hata 1902. Tufanye mfano: jora lenye thamani ya shilingi 100 latozwa shilingi 5. Bei ikipanda hata 200, forodhani hulipwa 5 zile zile. Hazina imepunjwa nusu ya haki yake, wala hakuna aliyevunja sheria.

Fedha zikatafutwa njiani. Tangu 1853, wakati wa maasi ya Taiping, wakuu wa majimbo waliweka vizuizi barabarani na mitoni, na mali ipitayo ikatozwa kodi iitwayo likin. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliichukia mno.

Basi mwaka 1902 Sir James Mackay alijadiliana na wajumbe wa China, Lü Haihuan na Sheng Xuanhuai. Walipatana Shanghai tarehe 5 Septemba kwamba China iondoe likin, na ushuru wa mali iingiayo upande hata 12.5 kwa 100. Lakini sharti lilikuwa mataifa mengine yenye mikataba yakubali pia. Hayakukubali yote, na vizuizi vikabaki.

Uingereza ilikiri haki ya China kujipangia ushuru tarehe 20 Desemba, 1928, miezi mitano baada ya Marekani. Wakati huo serikali ya China ilikuwa na makao yake Nanking, mji ule ule. Orodha mpya ilianza kutumika tarehe 1 Februari, 1929, na likin ikafutwa mwaka 1931.