Mkeka wa Rais

Bibi hakujua timu ya mpira wa kikapu ina wachezaji wangapi uwanjani, lakini alijua jambo moja lililomtosha: yule kijana mrefu wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Hasheem Thabeet, ni mtoto wa Dar es Salaam. "Ana futi saba na inchi tatu, Bibi," nikamwambia. "Basi kwao walimlisha," akajibu, na uchambuzi wake ukaishia hapo. Kwenye karatasi niliyompa akaandika Connecticut kuanzia raundi ya kwanza mpaka kwenye kisanduku cha bingwa. Nafasi zilizobaki akaniambia nimjazie nionavyo.

Hapo nikabanwa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mchezo, na msimamizi hajazi mkeka wa mtu.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo. Ilikuwa Machi 2009. Nilikuwa mwanafunzi, naishi kwa mama mkubwa katika jimbo la Connecticut, Marekani, na Bibi alikuwa amekuja kututembelea, baridi ikamfungia ndani. Kule, Machi ikiingia, timu za vyuo vikuu hupambana katika mashindano ya mtoano yaliyoanza mwaka 1939 na timu 8 tu. Tangu 1985 jedwali lina nafasi 64. (Siku hizi wanaoitwa ni 68, ila michezo minne ya mchujo huwapunguza mapema, na watu wengi hata hawaihesabu.) Timu hizo hugawanywa katika kanda nne, kila kanda timu 16, na kila moja hupewa namba kwa kadiri kamati inavyoipima nguvu. Namba 1 inaanza na namba 16, namba 2 na namba 15, hivyo hivyo mpaka namba 8 ikutane na 9. Hakuna marudiano. Ukifungwa leo, kesho uko kwenye basi la kurudi chuoni.

Jedwali hutangazwa Jumapili. Kuanzia hapo nchi nzima inashika kalamu: maofisini, mabwenini, makanisani, majumbani. Kila mtu anajaza mkeka wake. Najua kwenu mkeka ni ile karatasi ya kubeti, na ukikosea mnasema umechanika. Huu nao huchanika, tena vibaya zaidi, kwa sababu unatakiwa kutaja washindi wa michezo yote 63 kabla mpira wa kwanza haujarushwa Alhamisi mchana. Si ile 32 ya mwanzo tu ambayo unaona nani anakutana na nani. Unataja pia nani atashinda kati ya wale uliosema watashinda, halafu kati ya hao tena, mpaka fainali ya wiki tatu baadaye. Kwa hiyo kosa moja halikai peke yake. Bingwa wako akitolewa siku ya kwanza, hukupoteza mchezo mmoja, umepoteza sita.

Mwaka uliotangulia msimamizi alikuwa baba mkubwa mwenyewe. Alitoa pointi moja kwa kila mchezo, basi, hakuandika kanuni nyingine. Mwisho watu wawili wakalingana: yeye na binti yake wa darasa la saba. Binti alikuwa amemtaja bingwa sawasawa, babake hakumtaja. Baba mkubwa akakaa kama hakimu wa kesi yake mwenyewe, akajitangaza mshindi kwa kuwa "mkubwa hutangulia". Nyumba ilinuna wiki nzima, na hata chai ilinywewa kimya. Ndiyo sababu 2009 kazi ikaletwa kwangu, mgeni nisiye na upande.

Nikabandika kanuni kwenye mlango wa friji. Raundi ya kwanza pointi 1 kwa kila mchezo, ya pili 2, kisha 4, 8, nusu fainali 16, na fainali 32. Chukueni kalamu muone ujanja wake. Michezo 32 mara pointi 1 ni 32. Michezo 16 mara 2 ni 32. Michezo 8 mara 4, ni 32 tena, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila raundi ina uzito uleule, kwa hiyo aliyejikwaa Alhamisi bado ana cha kungojea jioni ya mwisho. Wapo wanaolalamika kwamba hesabu hii inampendelea aliyemjua bingwa, nao hawakosei. Lakini nyumbani mimi naona afadhali mtu abaki na tumaini kuliko apate haki ya kila senti. Asiye na tumaini huacha kuja kuangalia mpira, na wewe msimamizi ukabaki na televisheni yako.

Kanuni ya pili ilikuwa ya wakilingana: kila mtu aandike jumla ya pointi anazodhani timu zote mbili zitafunga kwenye fainali, na aliyekaribia zaidi ndiye mshindi. Ya tatu: karatasi zote ziwe mezani kabla ya saa sita mchana Alhamisi, hata ya mwenye nyumba. Ya nne: hakuna pesa.

Hiyo ya nne mama mkubwa aliisimamia kwa mdomo na kwa mwiko. Huko Marekani wengi huchanga. Kuna baa moja Staten Island, New York, inayosimuliwa kuwa miongoni mwa walioanza mchezo huu: mwaka 1977 wateja 88 walitoa dola 10 kila mmoja, mshindi akachukua zote. Kufikia 2006 kitita kilikuwa kimevuka dola milioni 1, na baada ya hapo mchezo ule ukafungwa. Sisi tulishindania sahani ya kwanza ya pilau, na wa mwisho kuosha masufuria. Kwangu hiyo inatosha kabisa. Pesa ikiingia, binamu hugeuka wadai.

Mtaniuliza: je, haiwezekani mtu mwenye akili akakaa, akasoma, akapatia yote? Mchezo mmoja una matokeo mawili. Michezo miwili, njia nne. Mitatu, nane. Michezo kumi tayari ni njia 1,024, na ishirini inapita milioni. Ikifika 63, idadi ni 9,223,372,036,854,775,808. Watu bilioni 8 wa dunia nzima wakijaza mkeka mmoja kila sekunde, bila kulala na bila kurudia, watamaliza baada ya zaidi ya miaka 36. Mwaka 2014 tajiri Warren Buffett alisimama nyuma ya ahadi ya dola bilioni 1 kwa atakayepatia yote. Alilala usingizi mzuri, maana hakuna aliyepata. Mwaka 2019 mwanamume mmoja wa Ohio alipatia michezo 49 mfululizo, jambo ambalo halikuwa limewahi kurekodiwa, kisha wa 50 ukamchania.

Kujua mpira kunasaidia, sikatai. Vigogo hushinda mara nyingi. Lakini tangu 1985 hadi 2017 hakuna namba 16 iliyowahi kumfunga namba 1 upande wa wanaume, na wajuzi wote waliandika hivyo bila kufikiri. Machi 2018 chuo cha Maryland kilichoko Baltimore County kikamfunga Virginia, namba 1 ya namba 1 zote, kwa 74 kwa 54. Siku hiyo waliojua mpira na Bibi yangu walikuwa darasa moja.

Turudi kwa Bibi. Nilikataa kumjazia, nikamsomea majina ya timu moja moja, naye akachagua. Memphis aliikubali kwa sababu ya jina tamu. Michigan State aliikataa: "Jimbo la baridi hilo." Likumbukeni hilo.

Jumatano jioni karatasi zilikuwa zimekaribia kutimia, akaingia jirani yetu, Mkenya, kwao Siaya. Barack Obama alikuwa amekaa Ikulu miezi miwili tu, na siku hiyo televisheni ilimwonyesha akijaza mkeka wake mbele ya kamera, bingwa wake North Carolina. Jirani alikuwa amenakili yote, kisanduku kwa kisanduku. "Mwana wa kwetu hawezi kukosea," akasema, akaweka karatasi mezani. Nikaangalia mlango wa friji. Kanuni nne, hakuna hata moja iliyokataza kunakili. Nikaipokea.

Connecticut ilianza kwa kumtandika Chattanooga 103 kwa 47, na Bibi akauliza kwa nini watoto wengine wanachezeshwa na wakubwa. Timu yake ikaenda mbele mpaka nne bora. Huko Detroit, tarehe 4 Aprili, ikakutana na nani? Na lile jimbo la baridi, Michigan State, ikafungwa 82 kwa 73. Bibi akavuta kanga begani, akasema kijana amejitahidi, akaenda kulala. Miezi michache baadaye Thabeet akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko, na Bibi akawaambia majirani wa Tanga kwamba yeye alikuwa amekwisha kuliona.

Rais, kati ya timu nne bora, alipatia moja tu. Lakini moja hiyo ilikuwa North Carolina, nayo ikamfunga Michigan State 89 kwa 72. Jirani akapata 32 za fainali, akatupita wote. Baba mkubwa akasema ushindi ni wa Obama. Jirani akasema basi Obama aje achukue sahani. Bibi ndiye aliyekata shauri: pilau haisubiri mtu wa mbali, mpeni jirani.

Machi 2010 nikaongeza kanuni ya tano kwenye friji: mtu ajaze kwa akili yake, asinakili mkeka wa mwingine, hata wa Rais. Jirani alinuna, akaandika jina la timu nyingine kwenye kisanduku cha bingwa kwa shingo upande. Mwaka huo Obama alimtaja Kansas, namba 1, na Kansas ikatolewa raundi ya pili na Northern Iowa, 69 kwa 67. Jirani mpaka leo hajanishukuru.