Chumvi ya Marereni na Reli Isiyofika

Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya huvunwa ukanda wa Gongoni, Marereni na Kurawa, kaskazini mwa Malindi. Maji ya bahari hupandishwa kwa pampu hadi mabwawani, jua na upepo vikafanya kazi yao, kisha vibarua wakaikwangua chumvi na kuirundika. Kutoka hapo safari yote ni ya lori. Reli haijawahi kufika.

Chumvi ni nzito na bei yake ni ya chini, hivyo gharama ya usafiri ndiyo huamua nani atapata faida. Wenye viwanda wa Marereni hawana reli, ilhali wenzao wa Magadi walijengewa tawi la reli la kilomita 146 kutoka Konza enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, na mabehewa yakawashushia magadi hadi Mombasa. Lori la Marereni linaloelekea bara hupita Malindi, likifika Mavueni likakata kulia kwenda Kaloleni, hadi Mariakani ambako mizani inalingoja. Mvua za El Niño zilipobomoa daraja la Mbogolo Novemba 2023, barabara ya Malindi na Kilifi ilikatika.

Mariakani, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Kilifi, reli zipo mbili: ya zamani na ile mpya ya SGR. Treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilisitishwa Aprili 2017, wiki chache kabla Madaraka Express, treni ya SGR, haijaanza. Kwa kasi hakuna ubishi, mpya imeshinda. Ila treni ya sasa hupita Mazeras na Mackinnon Road bila kusimama, na biashara iliyoishi kwa kutegemea abiria wa vituo kama hivyo haikuhamia Miritini, kilipo kituo kipya cha Mombasa, pamoja na reli.

Njia zilizokufa zimewahi kufufuliwa. Treni ilirudi Nanyuki mwaka 2020, Kisumu mwaka 2021, na upande wa Tanzania ilifika tena Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka uliofuata, baada ya miongo bila abiria. Reli ikiachwa, watu hujenga kwenye ardhi yake, mitaro huziba, vyuma huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kila mwaka wa kusubiri huongeza bili.

Marereni haina reli ya kufufua, na wanaotaka reli mpya ifike huko kwenyewe wanaota mchana. Hata reli ya mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, imechorwa kwenda Isiolo, si kushuka pwani hii. Hoja yenye mashiko ni ndogo zaidi: ghala la mizigo na njia ya pembeni Mariakani, chumvi ipande behewa hapo.

Hata hiyo ina mtego. Gunia litashushwa kwenye lori, lipakiwe kwenye behewa, kisha lishushwe tena Nairobi, na makuli hulipwa kila mara. Tena chumvi hula chuma. Wenye malori wanalijua hilo kwa kutazama chasisi zao, na shirika la reli litataka kujua nani atalipia behewa likishika kutu. Wenye viwanda wakiungana kuahidi tani za msimu mzima wa kiangazi, shirika litakuwa na hesabu ya kupiga. Bila mkataba wa namna hiyo, dereva anayerudi Pwani na unga au mzigo mwingine ataendelea kutoa bei nafuu kuliko treni.