Tiketi ya ndege na meza ya mazungumzo: ipi inafaa kwa safari ya Dilolo?

Mashirika mengi yanayofanya kazi ya upatanishi nchini Kongo yana ofisi zake Kinshasa au Lubumbashi, lakini watu wanaohudumiwa wako mbali. Dilolo ni mfano mmoja. Mji huu uko mpakani, ukitazamana na Luau ya Angola, katika jimbo la Lualaba lililoundwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Machi 1977 vita vya kwanza vya Shaba vilianzia upande huu, na kwa miaka mingi wakimbizi wamevuka mpaka huo wakienda na kurudi. Kazi ya amani haikosekani huko. Fedha ndizo zinazokosekana, na sehemu kubwa ya fedha hizo huishia kwenye nauli.

Katika makala hii tunazungumzia swali ambalo mhasibu na mpatanishi hubishana kila mara: tununue tiketi ya bei nafuu yenye tarehe isiyobadilika, au tulipe zaidi ili tuweze kubadili tarehe?

Aina mbili za tiketi

Tiketi isiyobadilika hufungwa na siku na ndege moja. Usipofika uwanjani siku hiyo, nauli hupotea yote au karibu yote. Faida yake ni bei, hasa ikinunuliwa mapema.

Tiketi inayobadilika hukuruhusu kuhamisha safari, na wakati mwingine kurudishiwa fedha. Lakini "inayobadilika" haina maana moja kwa kila shirika la ndege. Baadhi hutoza faini kila unapobadili. Mengine hayatozi faini, bali hudai tofauti ya bei ikiwa siku mpya ina nauli ya juu zaidi. Na ruhusa ya kubadili si ahadi ya kiti. Pale ambapo ndege huenda siku chache tu kwa wiki, unaweza kuwa na tiketi nzuri mkononi na bado ukangoja siku kadhaa.

Safari haiishii uwanjani

Anayetoka Kinshasa kwenda Dilolo kwa kawaida hupanda ndege hadi Lubumbashi au Kolwezi. Kutoka Kolwezi kuna zaidi ya kilometa 400 za barabara, kupitia Mutshatsha na Kasaji. Majira ya mvua, kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili, gari linaweza kukwama na safari ikaongezeka siku nzima au zaidi. Reli inayopita Kolwezi hufika hadi Dilolo na kuungana na reli ya Benguela ya Angola, lakini si njia ya kutegemea kwa mtu anayewahi ndege.

Kwa hiyo, safari ya kwenda na safari ya kurudi hazina hatari sawa. Siku ya kutoka Kinshasa tunaipanga sisi wenyewe. Siku ya kurudi hupangwa na barabara, mvua na watu tuliokwenda kuwaona.

Tiketi inavyoingia katika mazungumzo

Hapa ndipo kazi yetu inapotofautiana na safari ya mfanyabiashara. Yeye akikosa ndege, hupoteza fedha. Sisi tukiikimbilia ndege, tunaweza kupoteza mapatano.

Tuchukue mfano wa vijiji viwili vinavyogombania mpaka wa mashamba. Mkutano umepangwa kwa siku mbili. Siku ya pili chifu mmoja anafiwa, na wazee wanaomba kikao kisogezwe hadi maombolezo yaishe. Mpatanishi mwenye tiketi isiyobadilika ana njia mbili tu: kuondoka kabla ya neno la mwisho, au kuwaharakisha wazee. Njia ya kwanza huwaacha watu na jambo lililofunuliwa bila kufungwa. Njia ya pili huzaa makubaliano ya karatasi, ambayo huvunjika msimu wa kulima unapofika.

Kuna hatari nyingine. Wenyeji wakishajua siku ya ndege yako, upande usiotaka suluhisho hauna haja ya kubishana. Unangoja tu uondoke. Ni busara kutotangaza tarehe ya kurudi kikaoni, na ni busara zaidi kuwa na tarehe inayoweza kusogezwa.

Hesabu rahisi

Tufanye mfano, bila kutaja bei ya shirika lolote. Tiketi ya kurudi isiyobadilika ni dola 250. Inayobadilika bila faini ni dola 340. Tofauti ni dola 90.

Katika safari kumi, tiketi zinazobadilika zitagharimu dola 3,400. Zisizobadilika zitagharimu dola 2,500, na kila tarehe ikiharibika utaongeza dola 250 za tiketi mpya. Tarehe zikiharibika mara tatu, jumla ni dola 3,250, na bei nafuu bado imeshinda. Zikiharibika mara nne, jumla ni dola 3,500, na rahisi imekuwa ghali. Na kumbuka kwamba tiketi ya dakika za mwisho mara nyingi huwa na bei ya juu kuliko ile ya kwanza.

Basi angalieni kumbukumbu za ofisi yenu: katika safari kumi zilizopita, ni ngapi zilirudi siku iliyopangwa? Jibu hilo lina thamani kuliko maneno ya wakala yeyote.

Ushauri wetu ni huu: mwulize nani anayeamua tarehe. Kama ni ninyi, kwa mfano semina ya mafunzo au mkutano wa mwaka, nunueni tiketi isiyobadilika na mwokoe fedha. Kama ni wazee, chifu au pande zinazogombana, lipieni uhuru wa kubadili. Mara nyingi jibu bora ni mchanganyiko: kwenda kwa tiketi isiyobadilika, kurudi kwa inayobadilika.

Kabla ya kulipa

• Ombeni masharti kwa maandishi: faini ni kiasi gani, mwisho wa kubadili ni saa ngapi kabla ya safari, na nini hutokea abiria asipotokea.
• Ulizeni kama asiyesafiri siku ya kwenda hufutiwa pia tiketi ya kurudi.
• Ulizeni kuhusu Go-Pass, ada ya viwanja vya ndege iliyoanzishwa mwaka 2009: imo ndani ya bei au hulipwa kando?
• Zungumzeni na bima na mfadhili. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeyazuia mashirika ya ndege yenye leseni ya Kongo kuruka katika anga yake, na wafadhili wengine hufuata orodha hiyo hata kwa safari za ndani.
• Msilipie miezi mingi mbele. Mwaka 2011, baada ya ajali ya Kisangani, serikali ilisimamisha leseni ya Hewa Bora. Tiketi inayobadilika haisaidii kitu ndege zisiporuka.
• Wekeni angalau siku mbili kati ya kikao cha mwisho na ndege ya Kolwezi, na zaidi wakati wa mvua.
• Elezeni katika bajeti kwa nini nauli ni ya juu. Mfadhili akielewa kwamba dola 90 zinalinda kikao cha wazee, huuliza maswali machache.

Maswali ya kujadili ofisini

1. Nani hununua tiketi zetu, na je, huzungumza kwanza na anayeendesha mazungumzo?
2. Je, tumewahi kufunga kikao mapema kwa sababu ya ndege? Makubaliano yake yalidumu?
3. Mpatanishi aliye Dilolo anaweza kubadili tarehe yeye mwenyewe, au lazima asubiri ruhusa kutoka Kinshasa?

Swali la tatu lijibiwe kabla mtu hajafunga mzigo. Tiketi inayobadilika haina maana ikiwa mwenye ruhusa ya kuibadilisha hapokei simu siku ya Jumapili.