Anauza Kicheko Barazani Kwangu, na Bei Hapunguzi Hovyo

Wafanyabiashara wenzangu, wengi wetu tunauza vitu vya kushikika: mchele, vitenge, vipuri, vocha. Leo naomba tumwangalie mtu anayeuza kicheko, maana kuna mambo ya bei na madeni nimeyaona kwake ambayo hata muuza nyanya yanamhusu.

Mimi nina duka la fremu za picha hapa Morogoro mjini. Barazani kwangu kuna jamaa amepanga meza moja, huu mwaka wa tatu. Kazi yake kuchora watu vikatuni. Hachori sura ilivyo, hapana. Anachukua kitu kimoja usoni kwako, paji, mwanya, masikio, anakikuza mpaka ukijiona unacheka na huku unakubali kwamba ni wewe kabisa. Hana mwajiri. Namwita Braza kwa sababu kanizidi miaka zaidi ya kumi na tano. Akichora, mteja ananunua fremu kwangu, kwa hiyo nikimsifia humu mjue na mimi nina maslahi.

Braza hakusomea sanaa popote. Alianza akiwa shule ya msingi kwa kunakili wahusika wa gazeti la Sani, kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Watu wakisikia mchora katuni wanawaza magazetini tu: Masoud Kipanya, au Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1969 aliyekwenda Nairobi na kuanza kuchorea magazeti ya Nation mwaka 1992. Hao wamefika. Lakini nafasi za magazetini zinahesabika, wachoraji wengine wanaishi kwa oda: besdei, sendofu, mahafali, mstaafu anaagwa, saluni inataka bango la kuchekesha.

Kazi yenyewe inaanza kwenye simu. Anaomba picha tatu: ya mbele, ya ubavuni, na moja mtu anacheka kweli. Zisiwe na filta, maana filta inafuta kile kile anachokitafuta. Halafu anauliza swali ambalo mimi naliona ndo mtaji wake: "Watani wake wanamwitaje?" Hapo mteja anafunguka. Atakwambia bosi anatembea na rundo la funguo kama mlinzi wa gereza, au dada hawezi kukaa dakika mbili bila kujipiga selfi.

Nchi yetu ina utani, Mngoni na Mhehe watatukanana msibani na hakuna anayenuna. Lakini utani una mipaka na Braza anaijua. Kilema hagusi. Kovu hagusi mpaka mwenyewe aseme. Kuna wafanyakazi walikuja wanataka mkubwa wao anayestaafu achorwe kitambi kimefika magotini. Braza akawauliza, siku ya kumuaga mkewe na watoto watakuwepo? Wakasema ndio. Akachora chupa ya chai kubwa kuliko gari, mzee kaikumbatia, maana ofisi nzima ilijua bila chai yake hasaini kitu. Mkewe alikuja mwenyewe wiki iliyofuata kuagiza wa kwake. Wa kitambi sidhani kama angetundikwa sebuleni.

Sasa bei. Mtu mmoja, A4, rangi, ni elfu 40. Penseli tupu elfu 25. Watu wanashangaa, "karatasi moja elfu 40?" Yeye anahesabu saa. Mchoro wa rangi ni kama saa tatu, weka na saa nzima ya kujibizana WhatsApp. Kinachomaliza faida ni marekebisho. Dada wa mteja atasema pua imezidi, mjomba atasema mbona hajapendeza, na mwisho wa yote unachora kikao cha ukoo. Kwa hiyo marekebisho mawili ni bure, la tatu elfu 5. Ameandika kwenye kikaratasi kakibandika mezani. Tangu akibandike, mjomba kapotea.

Kwenye sherehe anachora papo hapo kwa penseli, dakika tano au sita kwa kichwa. Huko hatozi kwa mtu, anatoza kwa saa, maana wageni wakichelewa kuja yeye ndiye anayekaa bure. Na hela yake yote anataka kabla keki haijakatwa. Mliowahi kuhudumia harusi mnajua: kamati ikishavunjwa, unamdai nani?

Mwaka juzi ndo nilimuona anavyobanwa. Ofisi moja, siitaji, iliagiza wafanyakazi 12 kwa ajili ya kalenda. 12 mara elfu 40 ni laki nne na elfu 80. Akataka nusu kwanza. Walilipa laki mbili na 28, kwa sababu walikata asilimia 5 ya kodi ya zuio, ambayo ni halali kwa huduma kama yake, na wakampa cheti chake. (Kikitolewa, tunza. Ni hela yako iko TRA, inahesabiwa kwenye kodi yako.)

Kazi ikaisha, nusu ya pili haiji. "Malipo yanaandaliwa." Wiki tatu. Huku mwenye nyumba wake anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mtoto anaingia kidato cha kwanza. Yule afisa akapiga simu: tutumie picha kubwa tuwahi kiwandani, hela itafuata. Braza alikuwa amewatumia picha ndogo tu, zenye jina lake limekatiza katikati, huwezi kuzichapa zikaeleweka. Nilimwambia watumie bwana, usigombane na ofisi kubwa. Akakataa. Akajibu kwa upole, "Kazi iko tayari mkuu, nikiona muamala natuma dakika hiyo hiyo." Siku nne hajala vizuri, nilikuwa namnunulia chapati. Ya tano, mchana, simu ikalia: laki mbili na 28. Akatuma kabla hajakaa chini.

Kwenye oda za ofisi sasa anaandika pia matumizi. Kalenda ni kalenda. Ukitaka kuweka kwenye fulana za kuuza, ni bei nyingine. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda michoro, na COSOTA wapo, ila yeye anasema karatasi iliyosainiwa mapema inaokoa nauli ya kwenda kulalamika.

Kuna programu za simu zinazogeuza picha kuwa katuni bure. Vijana wa penseli tupu zimewapunguzia wateja, tusidanganyane. Kwa Braza oda za besdei ndogo zimeshuka, za kuagana hazijashuka, maana programu haiijui ile chupa ya chai.

Mahafali ya SUA na Mzumbe yanakaribia. Ameshapokea vianzio vya majoho tisa, na mimi nimeagiza fremu 60 za A4. Za dhahabu nimeleta chache, wazazi mwaka jana walizikimbia.